Maji ya Wageni

Nikisema kazi yangu ni kutabiri maji, watu wa Singida mjini hunicheka. Mama mmoja mwenye duka la vitenge karibu na nyumba niliyopanga huniita mganga. "Haya mganga, kibuyu kinasemaje leo?" huniuliza kila nikipita na mkoba wa kompyuta begani, nami humjibu kwamba kibuyu kimesema apunguze umbea. Tunacheka, naenda zangu kazini. Zamani nilikuwa namweleza. Siku hizi simwelezi mtu, kwa sababu nikianza tu hasira inanipanda, na mwenye duka la vitenge hajanikosea kitu.

Hapa nitaeleza, maana bila hivyo mengine hayataeleweka. Ardhi ya Singida ina mawe juu na mawe chini, kila aliyepita huku anayajua. Maji yakikaa muda mrefu katikati ya mawe hayo yanabeba madini yanayoitwa floraidi. Ikiwa kidogo haina neno. Ikizidi, mtoto anaota meno ya kahawia, na ikizidi sana, mwaka baada ya mwaka, mifupa inaharibika. Unaweza kukuta kisima kina maji mazuri, na ukitembea kidogo tu unakuta kingine ambacho ni sumu, na ukivitazama kwa macho vyote maji yake yanang'aa. Kupima kila kisima cha mkoa, tena kila msimu, hatuwezi. Basi tunapima baadhi, tunaipa kompyuta majibu, tunaieleza mawe yalivyokaa, visima vina kina gani, mvua ilinyesha vipi, halafu yenyewe inakadiria visima vilivyobaki, hata vile ambavyo havijachimbwa bado. Hiyo ndiyo modeli. Ni kama mpishi wa harusi anayeonja kijiko kutoka kwenye masufuria machache halafu anasema chumvi ya masufuria yote. Akiwa mzoefu anapatia. Lakini ukimwonjesha kijiko kilichotoka kwenye sufuria la jirani, basi tena, chochote atakachosema ni upuuzi.

Katika habari hii kuna mtoto mmoja, naye si wa kumzaa mimi. Ni binti wa mdogo wangu wa kiume, ananiita shangazi. Nyumbani kwa mama yangu ni kijijini, upande wa Mtinko, na mdogo wangu na mke wake wanakaa hapo hapo kwenye uwanja wa mama. Mdogo wangu mwenyewe muda mwingi yuko machimboni. Mwaka aliooa ndio mwaka pampu ya kijiji ilipochimbwa, tena mbele ya nyumba yetu. Tulishangilia sana. Mama alikuwa amezeeka akibeba maji kichwani kutoka korongoni, kwenye visima vya kufukua mchanga, na sasa anafungua mlango tu anaiona pampu. Maji yake yana magadi kidogo, watu wakasema tutazoea. Wifi yangu akampikia mtoto uji kwa maji hayo, akamwogesha nayo, akamnywesha nayo.

Mtoto akaota meno, yakaja na madoa. Hilo halikumshtua mtu, meno ya namna hiyo kwa mkoa huu ni ya kawaida, ukiondoa sisi tuliokulia maji ya mchangani ambao tulitoka na meno meupe tukajiona wazuri. Halafu miguu yake ikaanza kupinda. Mwanzoni tulisema ni matege ya utoto, yatanyooka. Mama akasema mjukuu wake alikuwa na haraka ya kusimama, akasimama kabla mifupa haijawa tayari. Hayakunyooka. Yalizidi. Akikimbia kufukuza kuku kwenye alizeti zilizoanikwa, magoti yake yanaachana kila moja linakwenda upande wake, na watoto wenzake wanamwiga mwendo na yeye anacheka nao, kwa kuwa hajui kama kuna mwendo mwingine.

Nilimpeleka hospitali mimi mwenyewe. Daktari alimpiga picha, akaitazama kwenye mwanga, akaniuliza tunakunywa maji gani. Nikamwambia ya pampu. Akasema, "Mbadilishieni maji sasa hivi, mifupa bado inakua. Akishakomaa, palipopinda pamepinda." Wifi alikuwa amekaa kwenye benchi na kumpakata mtoto, akaniuliza kwa sauti ya chini maji ya kubadilisha tutayatoa wapi.

Jibu lilikuja lenyewe, au hivyo nilidhani. Ulikuja mradi wa bomba. Upande wa pili wa Mtinko kulikuwa kumechimbwa kisima kizuri, kina maji mengi, kimepimwa na kupimwa tena na hakina tatizo, na bomba lake kwa kuanzia lingefika vijiji vichache tu. Ofisini ikaamuliwa kwamba modeli ndiyo iseme ni vijiji vipi: wenye maji mabaya zaidi waanze. Na mtu wa modeli ni mimi. Kijiji chetu kilikuwa ndani ya eneo hilo. Mkuu wangu wa kazi, mzee mtaratibu anayependa chai ya tangawizi na asiyependa maneno, aliniita na kunikalisha.

"Wewe kwenu usiende kuchota sampuli," akasema. "Watu wana midomo. Kesho utasikia umempelekea mama yako bomba."

"Sawa mzee, siendi."

"Na usiwapigie simu."

"Siwapigii."

Na kweli sikuwapigia. Mafuta ya gari nayo wakati ule yalikuwa ya kubahatisha, kwa hiyo chupa zilipelekwa kwa pikipiki mpaka kwenye kamati za maji za vijiji. Zilikuwa chupa mpya, nyeupe, zenye vifuniko vya buluu, na maelekezo mafupi: suuzeni chupa, jazeni maji ya kijiji, zirudisheni. Mama yangu ni mjumbe wa kamati ya maji ya kwetu. Nilijua zitapita mikononi mwake, na moyo ukatulia, maana mama hana mchezo na kazi aliyopewa.

Chupa za kwetu zilirudi zimefutwa vumbi na kufungwa kwa kipande cha kanga ili zisigongane. Nilizitambua kwa ule mkunjo wa kanga kabla sijasoma jina la kijiji. Maabara ikapima, nikaingiza majibu, nikaiambia kompyuta ifanye kazi yake. Ramani ikaanza kujipaka rangi: nyekundu kwa maji mabaya, njano kwa ya katikati, kijani kwa maji mazuri. Kwetu kukatoka kijani. Kijani kibichi kabisa, kama mchicha.

Nikarudia tangu mwanzo. Kijani. Nikakagua kama nimekosea tarakimu, sikuwa nimekosea. Na kwa vile modeli huviangalia visima vya jirani kwa kupitia vile vilivyopimwa, chupa za kwetu zilikuwa zimewasafisha hata majirani ambao hawakuleta chupa. Nikajikuta nasema kwa sauti, "We mashine, una wazimu?" Mkuu akasikia, akaja na kikombe chake.

"Kuna nini?"

"Mzee, kwetu kumetoka kijani. Haiwezekani."

"Haiwezekani kwa nini?"

"Mtoto wa mdogo wangu miguu imepinda. Daktari amesema ni maji."

"Daktari aliyapima maji?"

"Hapana."

"Maabara imeyapima." Akanywa chai yake bila haraka. "Unataka niwaambie wakubwa kwamba mtaalamu wetu anaukubali utabiri kila mahali isipokuwa kwao?"

Nikageukia kompyuta yangu. Lakini si maneno yake tu yaliyonifanya nisibishe. Kila nikienda nyumbani, kitu cha kwanza baada ya salamu ni mama kuniletea maji ya kunywa, na maji hayo hayakuwa na magadi hata chembe. Ni mepesi, matamu, yana harufu ya mbali ya mchanga. Visima vyetu vyenye floraidi nyingi mara nyingi vina magadi, ulimi unavijua hata kabla ya maabara. Nikakaa pale nikajiambia labda magadi ya pampu yamekwisha yenyewe, huwa inatokea. Labda mtoto ana ugonjwa mwingine na daktari amekurupuka. Ulimi wangu na kompyuta yangu vilikuwa vinasema kitu kimoja, ningebisha kwa lipi? Bomba likapangiwa vijiji vingine.

Hata hivyo nafsi haikutulia. Nilijaza madumu kwa maji yaliyopimwa nikayatuma kwa gari la mnada, nikamwambia mama kwenye simu, "Haya ni ya mtoto tu, mama, mtu mwingine asiyaguse." Akaitikia vizuri, akanishukuru, akaniombea baraka mpaka salio likaisha. Baadaye wifi akanipa habari kamili: jirani alifiwa siku ile ile, waombolezaji wakaja kutoka Nduguti, na madumu yote yakaenda msibani. Loo, nilifoka peke yangu chumbani mpaka jirani akagonga ukuta. Nikamwomba mdogo wangu anipe mtoto nikae naye mjini. Akaniambia mke wake ameshazika mtoto mmoja, huyu hamtoi kwa mtu, hata kwangu mimi.

Nilikwenda nyumbani baada ya mavuno ya alizeti. Mama alikuwa uani anapeta, ungo unapanda na kushuka, makapi yanaruka na ule upepo wetu usiokwisha. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia "Marahaba mwanangu," akaweka ungo chini na kuingia ndani, akatoka na bilauri ya maji iliyofunikwa kwa kisahani. Nikanywa nusu, nilikuwa na kiu ya safari. Akakaa karibu yangu kwenye kigoda, akajifuta mikono kwenye kanga, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesubiri kuuliza swali lake kwa muda mrefu.

"Enhe, na yale maji niliyokutumia? Wakubwa zako waliyapenda?"

"Maji gani, mama?"

"Si yale ya kwenye chupa! Zenye vifuniko vya buluu."

Nikacheka, nikidhani ananitania. "Waliyapenda wapi, mama, yale si ya kunywa, ni ya kupima."

"Hata kama. Yalikuwa safi au hayakuwa safi?"

"Yalikuwa safi."

Akapiga makofi. Yaani alipiga makofi, mama yangu, na kumwita wifi jikoni ili naye asikie. "Si nilikuambia! Tulikwenda sisi kamati nzima mpaka korongoni. Tukafukua mchanga, tukayaacha ya kwanza yaliyochafuka yapite, tukasubiri yakaja yale masafi kabisa. Mimi ndiye niliyejitwika. Mgongo uliniuma wiki nzima lakini nikasema potelea mbali, mwanangu hawezi kuaibika mbele ya watu."

"Mama. Maji yale hamkuchota kwenye pampu?"

"Pampu?" Akanitazama kama niliyemtukana. "Maji ya pampu yana magadi, utampa nani mgeni maji ya magadi? Chupa zinatoka mkoani, mpya, nzuri, tuzitilie maji tunayonyweshea ng'ombe? Tukatia maji ya wageni."

Kwetu ni hivyo, na mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Mgeni hapewi ya pampu. Kila nyumba ina mtungi mdogo ndani, mahali penye giza na baridi, wa maji yaliyotoka mbali, na hayo ni ya anayekuja. Sisi wenyewe tunakunywa chochote. Nililijua hilo tangu nimepata akili, na nikapeleka chupa kijijini bila kulikumbuka, na ofisi nzima, tuliosoma na tusiosoma, hakuna aliyelikumbuka.

Nilimpigia mama kelele. Sijawahi kumpandishia mama sauti maishani mwangu, na siku ile nilipandisha mpaka kuku wakakimbia. Nikamwambia umetumaliza, umeipa kompyuta maji ya uongo, bomba limekwenda kwingine, huyu mtoto ndiye aliyekuwa apate maji yale. Mama akajibu kwa Kinyaturu, na akijibu kwa Kinyaturu ujue amechomwa. Alisema hakuna aliyemwambia kwamba serikali inataka kuonyeshwa aibu. Alisema kama walitaka maji mabaya wangesema leteni maji mabaya, angewapa ndoo. Halafu akarudi kwenye Kiswahili, polepole, akaniuliza, "Kwani hiyo mashine yako haijui kwamba watu wana adabu?"

Ile bilauri iliyokuwa bado mkononi mwangu sikuitazama.

Tulipotulia wote wawili, nikamshika mkono. "Mama, basi hivi. Hayo maji ya korongoni, kuanzia leo ni ya mtoto. Yeye tu. Uji wake, chai yake, ya kunywa. Sawa?"

"Sawa, mwanangu."

"Hata akija padri."

Akatabasamu. "Hata akija padri. Sawa."

Nikaenda mwenyewe kwenye pampu na chupa nilizokuwa nazo kwenye gari, nikaiacha itoe maji kwa muda, nikasuuza, nikajaza. Nikaonja kwa ncha ya ulimi. Magadi matupu. Wifi alikuwa nyuma yangu na ndoo, anasubiri zamu.

Maabara ilipotoa majibu nilifuta yale ya mwanzo nikaweka haya, nikaiacha kompyuta ipake rangi upya. Kwetu kukageuka nyekundu, nyekundu iliyoiva. Nikachukua simu nikaanza kupigia kamati za vijiji vingine vilivyotoka kijani, nikiuliza swali moja tu: mlichota wapi? Mwenyekiti mmoja akacheka sana. "Aa, afisa, tungewapa yale ya kisimani? Tuna adabu bwana, tuliyatoa kwenye mwamba." Mwingine akasema wao walitumia maji ya mvua ya tanki la kanisa, yaliyohifadhiwa kwa ajili ya askofu. Alisema kwa fahari kabisa. Vijiji vilivyosema kweli ni vile vilivyochoka, ambavyo havikuwa na maji mengine hata ya kumpa mgeni, na ndivyo vilivyopata bomba. Sisemi hawakustahili. Watoto wao nao nimewaona wanavyotembea.

Nikampelekea mkuu. Alitazama ramani ya kwanza, akatazama ya pili, akavua miwani. Nitamtendea haki: hakunilaumu na hakujitetea.

"Mitaro imeshachimbwa," akasema. "Mabomba yameshashushwa. Siwezi kwenda kuwaambia wale watu tunayang'oa."

"Najua, mzee."

"Tutawaweka awamu ijayo. Wa kwanza kabisa."

"Awamu ijayo ni lini?"

Akavaa miwani yake tena. "Zikija fedha."

Modeli ina kazi nyingine ambayo sikuwa nimeigusa kwa kijiji chetu: unaweza kuiuliza ya mbele. Nikaiuliza. Nikaipa viangazi kama hivi tunavyovipata, nikaipa pampu inayovutwa na watu wengi zaidi, maji yakashuka chini kwenye mawe zaidi. Rangi ya kwetu ikazidi kukolea kila mwaka niliousogeza. Nilisogeza mpaka nikafika miaka ambayo mtoto yule atakuwa msichana mkubwa, amekoma kurefuka. Nikaizima. Hakuna mtu aliyeniomba kufanya hesabu ile na sikumwonyesha mtu.

Nikarudi nyumbani kiangazi, kumweleza mama ana kwa ana kwamba bomba haliji. Njiani nilijifariji kwa kitu kimoja: angalau mtoto sasa anakunywa maji ya korongoni. Kila nilipopiga simu nilimuuliza mama, na kila mara alinijibu ndiyo mwanangu, sawa mwanangu, usiwe na wasiwasi. Nilikuwa nimeshapanga hata maneno ya kumshukuru.

Upepo ulikuwa mkali, uwanja wote mwekundu kwa vumbi. Nikasalimia, nikakalishwa. Mama akaita ndani, "Mletee shangazi yako maji!" Mtoto akatoka na bilauri ameishika kwa mikono miwili, kisahani juu yake. Alikuja taratibu, anayumba upande huu na upande huu, macho kwenye maji yasimwagike. Miguu ilikuwa imezidi. Sikuhitaji daktari wala picha. Alipofika mbele yangu akaanza kupiga magoti, kama mtoto wa kike wa kwetu anavyofundishwa, na magoti yakagoma kukunjika. Akajaribu tena, ameuma mdomo, bilauri inatetemeka.

"Acha mama, nipe hivyo hivyo ukiwa umesimama," nikamwambia mtoto.

"Mwache," mama akasema. "Ndiyo adabu."

"Mama, huoni shida? Huoni anavyoumia?"

Nikampokea bilauri kabla hajaanguka. Nikamvuta karibu, nikamwekea maji mdomoni. "Kunywa kwanza wewe, ndipo mimi ninywe."

Akarudisha kichwa nyuma. Akamtazama bibi yake, akanitazama mimi. "Hayo ya wageni," akasema.

"Mimi si mgeni. Mimi shangazi yako."

Akabaki anaitazama bilauri. Nikageuka kwa mama. Alikuwa ameinamisha uso, anachambua kitu kwenye kanga yake ambacho hakikuwepo.

"Mama, tulikubaliana. Ulisema sawa."

"Nilisema sawa." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ungekuja kutoka huko kote, nikukatalie? Korongo limekauka, mwanangu. Siku hizi ukifukua kinatoka kikombe, unakaa, kinatoka kingine. Hayatoshi uji wala chai. Nikisikia unakuja ndipo nakwenda."

"Unanifuatia mimi?"

"Nani mwingine? Tumbo lako limezoea ya mjini. Haya ya pampu yatakudhuru."

"Tangu lini, mama?"

Akafikiri kweli, kama swali la kawaida. "Tangu pampu ilipokuja. Siku zote nakuwekea."

Siku zote. Nilizaliwa kwenye chumba kile mtungi ulipo. Sikuwahi kuyaonja maji ya nyumba ya mama yangu tangu pampu ilipochimbwa, ila ile ncha ya ulimi nilipojaza chupa. Kila bilauri niliyokunywa nikasema nyumbani maji ni matamu, kila moja, ilitoka mgongoni mwa mama yangu, na ilimpita mtoto huyu mdomoni ili inifikie mimi. Nilitaka kupiga kelele tena na kelele hazikuja. Machozi ndiyo yalikuja, nikayaacha.

"Kunywa," nikamwambia mtoto. "Kunywa yote."

Aliinama akapiga funda moja dogo, la mtu anayeogopa kukemewa. Akafuta ukingo wa bilauri kwa ncha ya gauni lake, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Maliza, shangazi," akasema. "Yakibaki bibi anayafunika mpaka urudi tena."